Udongo wa Shimo la Kumi na Saba

1

Shimo la kumi na saba lilianza kupata joto siku ya Jumanne, mimi nikiwa nakula kiporo. Nusu nyuzijoto tu. Nikasema kipimo kimeharibika, nikaendelea kula. Jumatano likapanda tena. Alhamisi lilipopanda mara ya tatu niliweka sahani chini nikaitazama ile namba kwa muda mrefu, na niwe mkweli, sikuogopa. Nilipaswa kuogopa. Lakini tangu tumzike Venansi, mume wangu, mambo ya kuogopesha yalikuwa yananifikia kama redio ya jirani. Nayasikia, nayaelewa, na naona hayanihusu.

Naitwa Gaudensia Malocha. Nasoma miamba katika kambi ya Ilembe, juu ya Lyamba lya Mfipa, ule ukingo mrefu wa milima, mahali ambapo gari la mahitaji hufika kila baada ya wiki mbili, dereva akipenda. Wachorongaji wanatoboa mlima, mashine inatoa mche wa mwamba, mviringo, mnene kama mche wa sabuni ya kufulia, na wao wanaupanga kwenye masanduku kuanzia juu kwenda chini. Mimi napita na brashi, ndoo ya maji na kioo cha kukuzia. Naandika: hapa mwamba mzito mweusi, hapa jiwe la kijani linaloteleza, hapa chembe za nikeli, hapa udongo. Nisichokiandika mimi, kampuni inakihesabu hakipo.

Siku hizi hakuna anayepasua mlima kwa baruti. Tunamwaga chachu. Ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, vilitengenezwa maabara, vinakula mawe yenye kiberiti na chuma na kuiacha nikeli ielee kwenye maji ya kijani ambayo pampu inayavuta juu. Mlima unabaki na nyasi zake na nyani wake. Ni kazi safi, sisemi kwa kejeli. Sharti lake ni moja: chachu haiwezi kupita udongo wa mfinyanzi. Kwa hiyo kabla ya kumwaga, tunachoronga mashimo ishirini kuizunguka mbale yote, yaani mwamba wenye nikeli, na kila shimo lazima lionyeshe ukuta wa udongo, mita moja nzima au zaidi. Nilisoma mashimo ishirini. Ishirini yote niliandika: udongo upo. Kisha nikaweka dole gumba kwenye kioo cha mashine ya kumwagia, maana Sheria ya Chachu inasema aliyesoma mwamba ndiye anayefungua na ndiye anayefunga. Hiyo ilikuwa siku arobaini na moja kabla ya ile Alhamisi.

Chachu inapokula, mwamba unapata joto. Na shimo la kumi na saba liko nje ya ukuta, mahali ambapo chachu haipaswi kufika.

2

Nilikwenda kwenye banda la masanduku nikavuta sanduku la mita mia mbili na kumi. Udongo ulikuwepo, mita moja na nusu, umelala vizuri kwenye mfereji wake kama nilivyouandika. Kisomaji cha madini nilichokipitisha juu yake kililia mlio ule ule wa kuridhika. Mfinyanzi, asilimia tisini na nne.

Nikatazama mlangoni, hakuna mtu. Nikamega kipande nikaking'ata.

Sisi tuliofundishwa na watu wa zamani tunang'ata. Udongo ukiwa na vumbi la mchanga unasaga menoni. Ukiwa mfinyanzi hasa, hausagi, unashika ulimi na haukuachii. Siku hizi ni marufuku, tangu chachu ije, na kijana anayeanza kazi leo hajui hata ladha ya kitu anachokisoma. Huu uliushika ulimi wangu. Ulikuwa mfinyanzi wa kweli, haukuwa na ila. Lakini ulikuwa na vidoa vyekundu, vidogo kama mbegu za ulezi, na vidoa vile katika mlima mzima wa Ilembe viko sehemu moja tu, shimo la tisa, upande wa pili wa kilima.

Hapa ndipo ninapotaka kusema ukweli wangu, hata kama hakuna aliyeniuliza. Vidoa vile niliviona mara ya kwanza pia. Siku niliposoma sanduku hili ilikuwa Jumatatu, Venansi tulimzika Ijumaa iliyotangulia. Niliviona, nikajua havipaswi kuwa pale, mkono ukaandika "udongo upo" na nikafunua sanduku linalofuata. Sikuchoka, sikuharakishwa na mtu. Nilikuwa nimekufa ganzi tu, na mtu mwenye ganzi anaona kila kitu na hakuna kinachomshtua.

3

Kastoli, mdogo wake marehemu, ndiye mchorongaji mkuu wetu. Nilimkuta amelala chini ya mashine anapaka grisi.

"Karibu shemeji!" akaniita kutoka kule chini. "Leo umenikumbuka? Nilidhani umeshapata mwingine huko jikoni."

Ndivyo tulivyozoea kutaniana, na siku nyingine ningemwambia kwa sura yake ile hata mpishi ana nafuu. Nilichuchumaa.

"Udongo wa kumi na saba umeupeleka wapi?"

Akacheka. Kisha akaniangalia vizuri, cheko likamwishia mdomoni. Akajivuta kutoka chini ya mashine.

"Udongo gani?"

"Kasto, usinifanye mtoto. Ulioko kwenye sanduku ni wa shimo la tisa. Nimeung'ata."

"Si mlikatazwa kung'ata?"

"Kasto."

Akafuta mikono kwenye suruali, akaifuta tena. "Nilimpelekea Leokadia."

"Wote?"

"Alikuwa na hamu, shemeji! Wewe si unajua mimba ile ilivyomtesa. Miezi miwili akila anatapika, anachotaka ni udongo tu. Nikimnunulia wa sokoni anasema una mchanga. Sasa ule ulipotoka kwenye bomba, loo! Mweupe, una ukijani kwa mbali, laini kama samli, unanukia mvua ya kwanza. Nikasema huu ni wa mke wangu. Nikakata kipande. Kesho yake akaniomba tena, nikakata. Nilipokuja kushtuka sanduku lina pengo la mita moja na nusu, na asubuhi wewe unakuja kusoma."

"Ukachukua wa tisa ukajazia."

"Tisa lina mita saba za udongo! Nani angepungukiwa? Nilitoa udongo, nikarudisha udongo. Udongo ni udongo, shemeji."

Nilikaa kwenye tairi. Nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa. Nimeona sampuli zikichukuliwa na mafuriko, zikibebwa na nyani, zikiangushwa na lori mpaka hujui juu ni wapi na chini ni wapi. Lakini kuta za mlima kuliwa na mama mjamzito, hilo sikuwahi kulisikia. Nilitafuta hasira ndani yangu ili nimtukane, maana alistahili. Sikuipata.

"Amebakiza hata kidogo?" nikamuuliza.

"Sijui. Shemeji, kuna nini?"

"Shimo lina joto."

Kasto ni mchorongaji, hahitaji kuelezwa zaidi. Alikaa chini kando yangu, grisi imemjaa mpaka viwikoni.

4

Leokadia alikuwa kwake Kalolwe, kijiji kilicho chini ya kilima, anachambua maharage na tumbo limemfika magotini. Alikuwa na mwezi mmoja tu mbele yake, au pungufu. Nyuma ya nyumba yao ilisikika chemchemi, na wanawake wanaochota wakitupiana maneno. Kaya mia mbili na kumi zinakunywa pale. Maji yale hayajawahi kukauka hata mwaka wa njaa.

"Dada, umekonda," akaniambia kabla sijakaa. "Unakula lakini?"

"Nakula. Ule udongo aliokuletea Kasto, umebaki?"

Akaona haya, akaziba mdomo kwa ncha ya kitenge. "Kumbe amekwambia! Mwanaume hana siri. Nimebakiza kidogo, nilikuwa naubania." Akainuka kwa shida, akarudi na kopo la majani ya chai. Ndani mlikuwa na donge moja, ukubwa wa yai la kanga. "Chukua wote, mimi hamu imeniisha. Ila ni mtamu, utaniambia."

Nikang'ata. Haukushika ulimi. Uliteleza.

Niliuinua juani, na hapo nikaona mishipa ya kijani inapita ndani yake, myembamba kama nyuzi. Haukuwa udongo. Lilikuwa jiwe lile la kijani linaloteleza, limeoza na kulainika huko chini kwa muda ambao mtu hawezi kuuhesabu, limebaki kama sabuni iliyolowa. Linafanana na mfinyanzi kwa macho na kwa vidole. Kisomaji kiliniambia nikeli asilimia tatu. Kwa chachu, ile haikuwa ukuta. Ilikuwa chakula.

"Ni mzuri, eeh?" Leokadia akauliza. Kisha akaangalia kisomaji. "Dada, una sumu? Niambie. Mtoto wangu?"

"Hapana. Uliula kabla hatujamwaga chachu. Mtoto hana tatizo lolote."

Hilo lilikuwa kweli, na nilimwambia mara mbili mpaka akapumua. Hayo mengine sikumwambia.

5

Mhandisi Anyelwisye, bosi wetu, alitokea kwenye kioo cha ukutani akiwa ofisini kwake mjini, na chai yake mbele. Nilimweleza yote, Kasto akiwa amesimama nyuma yangu. Mhandisi hakunikatiza. Alipomaliza kusikiliza alifungua ramani ya mlima, akaichora na kidole.

Mambo yalikuwa hivi. Kutoka shimo la kumi na saba, jiwe lile la kijani lililooza linashuka chini ya Kalolwe, mita mia mbili chini ya chemchemi, linaendelea kilomita arobaini hadi Ziwa Rukwa, na huko linatokeza juu, chini ya maji. Chachu inatembea mita tatu kwa siku. Haitaigusa chemchemi, maana chachu hufuata chuma na chuma kiko chini sana. Itafika ziwani baada ya miaka thelathini na sita. Huko itaingia kwenye maji wanayokunywa watu, kwenye samaki, kwenye mpunga wa mabondeni.

"Na kizimio?" nikauliza.

"Ukikimwaga kumi na saba ndani ya siku tisa, unaiua yote. Baada ya siku tisa itakuwa imeshapita mbali, hakuna kitakachoifikia." Akanywa chai. "Lakini kizimio ni chumvi kali, Gaudensia, na hakifuati chuma. Kinafuata maji. Kitapanda na ule ufa wa mwamba unaopita kumi na saba mpaka kwenye ile chemchemi. Miaka sitini hakuna atakayeinywa."

"Wanakalolwe watachota wapi?"

"Mtoni. Kilomita tisa. Kampuni italeta gari la maji kwa muda." Hakusema muda gani. "Sikushauri chochote. Ushauri wangu unarekodiwa. Dole gumba ni lako. Ila nijuavyo mimi, hapa hakuna anayeuliza habari za kipimo kimoja kilichopanda joto kidogo."

Kioo kikazimika. Kasto akaja mbele yangu.

"Nitakwenda jela, najua," akasema. "Nimekosa, nitakwenda. Lakini chemchemi, shemeji? Miaka thelathini na sita! Kabla ya hapo watakuwa wamegundua dawa. Wewe mwenyewe hutakuwepo, mimi sitakuwepo."

"Mtoto wako atakuwepo."

"Atakuwepo hapa Kalolwe, siyo ziwani! Hao wa ziwani unawajua? Walikuja kumzika Venansi? Nani alibeba jeneza kutoka barabarani mpaka makaburini, mvua inanyesha, matope magotini? Hawa wa Kalolwe. Nani alikupikia siku saba? Leo hii uwalishe chumvi kwa ajili ya watu ambao hawajazaliwa!"

Alisema kweli tupu. Niliwakumbuka wale vijana sita wakibadilishana mabega chini ya jeneza, mmoja alipoteza kiatu kwenye matope na hakusimama kukitafuta.

Lakini nilikumbuka pia mgodi wa kwanza wa chachu, ambao sisi wa kazi hii hatuutaji jina. Maji yake yalitoka. Wengi hawakufa. Kilichowapata ni kwamba vidole vilikufa ganzi, kisha mikono, kisha miguu. Nilionyeshwa picha nikiwa chuoni. Mtoto wa miaka mitano amekaa karibu na mafiga, anacheza, mkono wake uko kwenye makaa, naye anatabasamu na kumtazama mpiga picha. Nilipokuwa mwanafunzi niliiona kuwa picha ya kutisha. Sasa niliielewa. Nilikuwa nimeishi hivyo miezi mitatu, nakaa na moto na sijui kama naungua, na ganzi yenyewe ndiyo hii iliyotufikisha hapa. Sikumtakia mtu mwingine, hata nisiyemjua, hata asiyezaliwa.

"Basi twende tukawaambie," Kasto akasema mwishoni, sauti imemshuka. "Tuna siku tisa. Tuitishe mkutano, mwenyekiti awepo, waseme wenyewe."

"Watakataa."

"Huenda."

"Watakataa, Kasto. Ningekuwa mimi ningekataa. Na wakishakataa, nitawezaje kumwaga?"

Kesho yake saa nne asubuhi niliweka dole gumba kwenye kioo. Kwenye nafasi ya sababu niliandika majina mawili, la Kasto na langu, na nikaandika vidoa vyekundu, na kwamba niliviona. Pampu ikaanza kuunguruma. Nilisubiri nisikie kitu moyoni. Nilisikia pampu.

6

Maji ya Kalolwe yalibadilika siku ya tatu. Niliwatangulia kuwaambia, saa chache tu, nimesimama juu ya jiwe pale chemchemini nikieleza habari za ziwa na za yule mtoto wa makaa kwa sauti ya kusoma ripoti. Hawakunipiga. Bibi mmoja alionja maji, akatema, akaonja tena kana kwamba alikosea mara ya kwanza. Kisha wakaondoka mmoja mmoja na ndoo tupu.

Kasto walikuja kumchukua wiki hiyo, kumpeleka mjini akajibu mashtaka. Mimi niliambiwa nisubiri zamu yangu, nisitoke kambini wala kijijini. Leokadia alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati, mzima kabisa, na sauti ya kuamsha kijiji. Sikuitwa.

Gari la maji lilikuwa linakuja Jumatatu na Alhamisi. Nilikuwa napanga foleni kama watu wengine. Hakuna aliyenifukuza na hakuna aliyenisemesha. Wakisogea, nasogea. Wiki ya tatu nilimkuta Leokadia mbele yangu, mtoto mgongoni, ndoo mbili miguuni. Mzazi wa siku kumi na tano, hakupaswa hata kutoka ndani, lakini nani angemchotea?

"Dada," akasema bila kugeuka.

"Abee."

"Kasto aliniambia kabla hawajamchukua. Alisema mlikuwa na siku tisa."

"Ndiyo."

"Ulitumia ngapi?"

"Moja."

Foleni ikasogea. Akasukuma ndoo moja kwa mguu, kisha nyingine.

"Ungekuja kutuuliza."

"Mngekataa, Leokadia."

"Wazee wangekataa. Mwenyekiti angepiga kelele mpaka atoe povu." Mtoto akalia, akamtikisa mgongoni mpaka akanyamaza. "Mimi nisingekataa. Mtoto wa mwenzangu aguse moto asisikie? Nisingekataa, dada, na nilivyo na mdomo mchafu ningewasema mpaka wakubali. Tungejaza kila chombo tulicho nacho. Tungewaogesha watoto mle mara ya mwisho. Tungelia. Kisha tungekwambia haya, mwaga."

Nilitazama mgongo wake nikitafuta kama anasema kweli au anasema kwa uchungu tu. Huwezi kujua. Jibu lake lilikuwa pale siku zote tisa, hatua mia nne kutoka kambini, nami nikalijibu mwenyewe kwa niaba yake.

"Tuliweza kubeba jeneza," akasema. "Hilo pia tungelibeba."

Zamu yake ikafika. Akajaza ndoo ya kwanza, akainama kuiinua, akashindwa, mshono wa kujifungua ulimvuta, akajishika kiuno. Nikaisogelea. Hakuniambia acha wala asante. Nikaiinua nikamtwika, maji yakanimwagikia mikononi, ya baridi kabisa, nikayasikia mpaka kwenye viwiko, na hapo nikaanza kulia. Nililia kwa sauti, mbele ya kijiji kizima, mikono bado iko juu imeshika ndoo yake. Watu waligeuka wakanitazama. Hakuna aliyeniambia pole.